Pikapu kuukuu ya sumaku kwenye galatoni: anza na nyuzi

Malalamiko ya wanaofunga pikapu, yaani kinasa sauti cha nyuzi, kwenye galatoni, gitaa la boksi, ni yale yale kila mara. Ama uzi wa kwanza na wa pili zinapiga makelele huku besi haisikiki, ama sauti imefifia kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Mara nyingi pikapu yenyewe ni nzima. Kosa liko kwenye nyuzi, au liko pale unapochomeka plagi.

Pikapu ya sumaku haisikii mbao, inasikia chuma kinachotikisika juu yake. Nyuzi nene za galatoni zimeviringishiwa bronzi, na bronzi haivutwi na sumaku. Kinachosikika ni kiini chembamba cha chuma kilicho ndani. Uzi wa kwanza na wa pili ni chuma kitupu, ndiyo maana sauti yake inazifunika nyuzi nyingine. Weka nyuzi zilizoviringishiwa nikeli, zile za gitaa la umeme, uzi wa kwanza ukiwa na unene wa inchi 0.011 au 0.012, na nusu ya tatizo imekwisha. Za nailoni hazitatoa kitu, usijisumbue.

Kabla ya kununua pikapu ya mtumba, iwe DeArmond ya Toledo, Ohio, au isiyo na jina, ipime kwa multimita kwenye kipimo cha ohmu 20k. Nyingi husoma kati ya kiloohmu 5 na 12. Isiposoma kabisa, waya umekatika mahali. Waya wa koili, ule uliosukwa ndani ya pikapu, mara nyingi una unene wa milimita 0.06 hivi, na hewa ya chumvi ya hapa Tanga huanza kuula pale ulipounganishwa na waya mnene wa kutokea nje. Ukiona ukijani hapo, safisha na ulehemu upya kwanza. Kusuka koili nzima ni kazi ya mwisho. Ikisoma karibu na sifuri, kagua plagi, huenda nyaya zimegusana.

Pima na tundu la gitaa. La kawaida lina kipenyo cha milimita 100 hivi, na vibano vya zamani havinyumbuki sana. Chini ya kibano weka koki, ile ya kizibo cha chupa, au ngozi. Wengi hutumia tyubu ya baiskeli, nayo huacha alama kwenye vanishi isiyotoka.

Bana kila uzi kwenye freti ya mwisho kisha upime nafasi kati ya uzi na pikapu: milimita 2 upande wa besi, 3 hadi 4 upande wa uzi wa kwanza. Kama pikapu ina skrubu chini ya kila uzi, shusha ile ya uzi wa pili nusu mzunguko kwa wakati mmoja, ukisikiliza.

Sasa ile sauti ya mtungi. Njia ya laini ya mixa ina ukinzani wa takriban kiloohmu 10, na koili ya namna hii inahitaji kuchomekwa penye megaohmu 1. Ukiichomeka moja kwa moja, mixa inanyonya sauti za juu zote. Pitia amplifaya ya gitaa, au boksi la DI lenye betri, kile kifaa cha kuunganisha gitaa na mixa. Waya usizidi mita 5, kwani mrefu nao unakata sauti za juu.

Mvumo wa hezi 50 ni tabia ya koili moja. Geuka ukae mbali na transfoma na taa za tyubu. Ukigusa chuma cha plagi mvumo ukipungua, nyuzi hazina athi, yaani hazijaunganishwa na ardhi. Unaweza kuziunganisha na waya wa athi wa pikapu, lakini kamwe usifanye hivyo kwa amplifaya ya plagi ya pini mbili au soketi isiyo na athi. Utapigwa na umeme.

Spika zikianza kulia, punguza eneo la hezi 100 kwenye mixa. Ndipo boksi la gitaa linapoitika zaidi.

Na usitegemee sauti ya mbao. Hii iko karibu zaidi na gitaa la umeme ambalo kikundi cha Black Star kiliingiza kwenye taarabu ya Tanga miaka ya 1960, na mbele ya kodiani na ngoma inapenya vizuri kuliko maikrofoni iliyosimamishwa mbele ya tundu.