Zabibu kilo mbili, shilingi milioni sita

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha JavaScript, lugha ya kompyuta inayofanya kurasa za wavuti zijibu, kidato cha tatu hapa Dodoma nilianza vibaya. Nilijaza ubao maelezo ya aina za data, wanafunzi wakanakili mpaka kengele, na wiki mbili zikaisha hakuna aliyeona kitu kikibadilika kwenye skrini. Siku hizi kipindi cha kwanza ni kitufe kimoja tu. Ukikibonyeza, maneno yaliyo chini yake yanageuka. Mwanafunzi akishaona ukurasa umemjibu, maswali anayaleta mwenyewe.

Hatuhitaji intaneti. Kivinjari ndicho kinachosoma na kutekeleza JavaScript, kwa hiyo faili lililo ndani ya kompyuta linafanya kazi hata bando likiisha. Notepad, programu ya kuandikia maandishi ya kawaida, inatosha. Angalia tu isikuongezee .txt mwishoni, maana faili likiitwa kikokotoo.html.txt, utakachokiona ni msimbo mtupu.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kikokotoo cha muuza zabibu. Watoto wa hapa zabibu wanazijua, wengine wanazivuna nyumbani kwao. Ukurasa una visanduku vitatu: bei ya kilo, idadi ya kilo na usafiri. Nasisitiza majina tunayoyatunga yawe ya Kiswahili, na JavaScript inayakubali bila shida. Mwanafunzi akiona `let jumla = bei * kilo + usafiri`, anajua papo hapo kwamba `let` ni neno la lugha na mengine ni yake. Zamani nilipowaachia waweke majina ya Kiingereza, walidhani kila neno ni la kukariri.

Kisha wanajaribu. Bei 3000, kilo 2, usafiri 500. Jibu: 6000500.

"Madam, imegoma!" Haijagoma, lakini siwaambii kitu. Kundi moja lilirudia hesabu kwenye daftari, likapata 6500, likarudi kukagua msimbo herufi kwa herufi. Jingine liliweka usafiri 0, ikatoka 60000. Binti aliyekuwa kwenye kibodi akaitazama kidogo, akasema, "Hii haijumlishi. Inabandika."

Alikuwa amelipata lote. Chochote kinachoandikwa kwenye kisanduku humfikia JavaScript kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu. Alama ya `*` haina maana kwa maandishi, hivyo lugha inayageuza kuwa namba kimyakimya, na 3000 mara 2 inatoka sawa. Lakini `+` ina kazi mbili: kujumlisha namba na kuunganisha maandishi. Upande mmoja ukiwa maandishi, inaunganisha. Ndiyo maana kosa hili ni gumu kuliona: nusu ya hesabu ni sahihi. Dawa yake ni kuandika `Number(usafiri)`, inayogeuza maandishi kuwa namba, na mimi nawataka wavigeuze vyote vitatu mara tu vinaposomwa, wasitegemee hisani ya `*`.

Huwa nawasimulia pia kwamba Brendan Eich aliandika toleo la kwanza la lugha hii kwa siku 10 tu, Mei 1995, akiwa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari. Inawasaidia kuona kwamba lugha ya kompyuta imetungwa na mtu, tena kwa haraka, na tabia zake zina sababu. Mwanafunzi anayejua hivyo hajioni mjinga programu inapomshangaza. Hilo nalijali sana, hasa kwa wale wanaogusa kompyuta shuleni tu, wanne kwenye mashine moja. Kila baada ya dakika 10 nambadilisha anayeandika, na wenzake ndio wanaomwambia cha kuandika.

Wiki iliyopita, `Number` ikiwa imeshakaa mahali pake, kijana mmoja aliuliza itakuwaje mteja akiandika "mbili" badala ya 2. Wakaandika. Skrini ikaonyesha NaN, yaani kilichopatikana si namba. Halafu wakaacha kisanduku wazi, wakapata sifuri, nao wakabishana kama muuzaji atakubali jibu hilo. Kipindi kijacho tunaanza `if`, neno la kuweka masharti.