Si damu chafu, na si "chango" tu

"Iache itoke, ni damu chafu." Kati ya yote wanayoambiwa wanawake wanaotokwa damu nyingi, hili ndilo linaloniuma zaidi, maana linawafanya wavumilie kwa miaka. Hakuna damu chafu inayojikusanya mwilini ikingoja mwisho wa mwezi. Damu ya hedhi ni ileile ya mishipani, ikichanganyika na utando wa ndani ya mji wa mimba, na ikitoka nyingi huondoka na madini ya chuma. Hedhi ya kawaida huja kila baada ya siku 24 hadi 38 na haipiti siku 8. Mwanamke anayelowanisha pedi kila saa moja au mbili, au anayetoa mabonge makubwa, anapoteza damu nyingi, hata kama mama yake na bibi yake walikuwa hivyohivyo. Uchovu usioisha, moyo kwenda mbio na hamu ya kula udongo ni dalili kwamba damu huenda imeshapungua.

"Ni chango." Wengi huishia hapo, na mitishamba inaanza kuchemshwa. Mwaka 2011 shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, liligawa vyanzo vya damu hii, kwa asiye mjamzito, katika makundi 9. Yamo vinyama vinavyoota ndani ya kizazi, utando unaopenya kwenye msuli wa kizazi, faibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani), saratani, damu isiyoganda vizuri, yai lisilopevuka kwa wakati, hata dawa na baadhi ya njia za uzazi wa mpango. Mwenye faibroidi na mwenye ugonjwa wa tezi la shingo, unaovuruga kupevuka kwa yai, hawawezi kunywa chungu kimoja wakapona wote.

"Binti huyu atakuwa ametoa mimba." Jamani, tuwahurumie mabinti. Miaka ya mwanzo ya hedhi yai mara nyingi halipevuki kila mwezi, na damu huja ovyo. Wengine wamezaliwa na tatizo la damu kuganda, na hedhi ya kwanza ndiyo inayolifichua. Muulize kama hutokwa damu puani mara kwa mara, au kama aling'olewa jino damu ikakataa kukata. Kipimo cha mimba hupimwa kwa kila aliye katika umri wa kuzaa, bila kumtuhumu, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kuua.

"Ultrasaundi imeonyesha faibroidi, basi chanzo ndicho hicho." Inategemea imekaa wapi. Inayochomoza ndani ya kizazi huleta damu nyingi. Iliyo ukutani kwa nje mara nyingi haihusiki. Tena ultrasaundi haitoshi kuona saratani changa ya shingo ya kizazi. Anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa lazima shingo hiyo itazamwe kwa macho.

"Hedhi imerudi, ujana umerudi." Mama aliyekaa miezi 12 bila hedhi, kisha akaona hata tone moja, aende hospitali wiki hiyohiyo. Wengi hukutwa na jambo dogo, kama utando uliokonda, lakini takriban mmoja kati ya 10 hukutwa na saratani ya mji wa mimba. Daktari hupima unene wa utando kwa ultrasaundi. Ukizidi milimita 4, au damu ikiendelea kurudi, huchukua kipande kidogo kikapimwe maabara. Saratani hii ikikamatwa mapema, mara nyingi upasuaji wa kuondoa kizazi huimaliza.