Je, wajua kwa nini mabomba ya mtaani Roma yanamwaga maji usiku na mchana bila kufungwa?

Mara ya kwanza kufika Roma nilishuka stendi ya mabasi ya Tiburtina asubuhi, nimetoka kaskazini na basi la usiku maana treni ilikuwa bei juu, mwezi wa saba, jua linawaka mpaka unahisi lami inakuvuta kiatu. Kitu cha kwanza kununua pale karibu na Colosseum ni chupa ndogo ya maji kwa mchuuzi, euro 2. Nikapiga hesabu, siku 4 nitakazokaa hapa, chupa 5 kila siku kwa joto hili, hiyo ni euro 40, yaani hela ya kulala hosteli inaishia kwenye maji tu. Nikachoka kabla hata sijaanza kutembea.

Nikapandisha vichochoro vya Monti, mtaa wa hapo nyuma, ndo nikakutana na bomba la chuma limesimama pembeni ya barabara, linanifikia kama kiunoni hivi, rangi ya kijivu, maji yanatoka mfululizo yanaingia kwenye kitundu chini, hakuna mtu, hakuna ndoo. Sasa mimi nimekulia sehemu ambayo maji yakitoka usiku wa manane nyumba nzima inaamka kujaza madumu, kwa hiyo kilichonijia kichwani ni kwamba kuna mtu kasahau kufunga. Nikaanza kulizunguka natafuta koki. Hakuna koki. Kuna mzee mmoja na mbwa wake akaniona navyohangaika, akasogea, akaziba mdomo wa bomba kwa kidole, na hapo hapo maji yakaruka juu kupitia kitundu kidogo kilichotobolewa mgongoni mwa bomba, akainamisha shingo kidogo akanywa kama anabusu hewa, alivyoachia kidole mbwa naye akanywa yanayodondokea chini, wakaondoka zao. Nikajaza chupa yangu ile ile ya euro 2. Maji ya baridi, yaani baridi kweli, utadhani yametoka kwenye friji.

Wenyewe wanayaita nasoni, maana yake pua kubwa, moja ni nasone, kwa sababu huo mdomo wa bomba umepinda kama pua. Yapo kama 2,500 Roma nzima, kila moja na uzito wa karibu kilo 100, na mengi ukiyaangalia vizuri utaona herufi SPQR, ile alama ya jiji ambayo utaikuta hadi kwenye mifuniko ya chemba barabarani. Maji ni yale yale yanayoingia majumbani mwa watu, yanapimwa, ni salama kabisa.

Sasa kwa nini hayafungwi?

Anzia kwenye chanzo. Sehemu kubwa ya maji ya Roma inatoka kwenye chemchemi za milimani upande wa Rieti, kubwa kuliko zote inaitwa Peschiera. Mvua na theluji ya milima ya Apennini inazama kwenye mawe ya chokaa, inachujwa humo polepole, halafu inatokeza chini ikiwa safi na baridi. Kutoka hapo maji yanashuka yenyewe kwa mteremko mpaka mjini, uzito wake ndo unayasukuma. Na chemchemi haina swichi, huwezi kuiambia leo toa kidogo. Yanayotoka yanatoka, usipoyachukua yanaenda mtoni. Ndo maana hata akili ya watu wa kule kuhusu maji ilijengeka tofauti na ya sisi tuliozoea tenki na pampu, tenki ukiliacha wazi linaisha, chemchemi haiishi kwa sababu umeweka mdomo chini yake.

Halafu kuna suala la bomba lenyewe. Maji yakisimama kwenye bomba siku kadhaa hasa wakati wa joto yanapoteza uzima wake, yanapata ladha ya chuma, yanapata uvuguvugu, na hapo vijidudu vinapata nafasi. Yakitembea muda wote yanabaki mapya, ndo siri ya ule ubaridi, maana yale unayokunywa hayajakaa kwenye jua hata dakika, dakika chache zilizopita yalikuwa chini ya ardhi. Mtiririko huo pia unasaidia kupunguza presha kwenye mtandao wa mabomba ambayo mengine ni ya zamani mno.

Na hili si wazo la juzi. Warumi wa kale walikuwa na mifereji mikubwa 11 ya kuleta maji mjini, wa kwanza ulijengwa mwaka 312 KK, na yote ilikuwa inatiririka bila kukatwa. Mwaka 97 BK akateuliwa bwana mmoja anaitwa Frontinus kuwa msimamizi wa maji wa jiji, akaandika kila kitu, mfereji gani unatoka wapi, nani anaiba maji kwa kutoboa mabomba (ndiyo, hata wakati huo), na akahesabu mabirika ya umma 591 ya watu kuchotea. Yale maji yaliyokuwa yanafurika hayakuhesabika kama hasara hata kidogo, yalikuwa na kazi yake, kusukuma uchafu kwenye mitaro ya chini. Mimi nilipojua hilo ndo nikaelewa kwamba lile bomba la Monti halijasahauliwa na mtu, ni namna ya kufikiri iliyopitia vizazi na vizazi.

Mwaka 537 jeshi la Wagothi likauzingira mji na kuikata mifereji, Roma ikaumia, watu wakarudi kwenye visima na maji ya mto Tiber kwa karne nyingi mpaka Mapapa walipoanza kufufua mfereji mmoja mmoja. Mmoja ule wa Virgo, alioujenga jemadari wa Kirumi Agrippa mwaka 19 KK, ndo unaolisha hadi leo Trevi, ile chemchemi maarufu ambayo wageni wanarusha sarafu, kwa hiyo ukienda kurusha sarafu yako pale jua kwamba unaangalia maji ya njia yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. (Sarafu zenyewe zinakusanywa na kwenda kwa Caritas, shirika la Kanisa linalosaidia maskini. Maji ya lile bwawa usinywe lakini, yanazungushwa.)

Nasoni zenyewe ni za mwaka 1874. Angalia mfuatano wa mambo ulivyokuwa: tarehe 10 Septemba 1870 Papa Pio wa 9 anazindua mfereji mpya unaoleta maji ya chemchemi zile zile walizotumia Warumi wa kale kwa mfereji wao ulioitwa Marcia, tarehe 20, siku 10 tu baadaye, jeshi la Italia linavunja ukuta pale Porta Pia na utawala wa Papa juu ya mji unaisha. Roma inakuwa mji mkuu wa Italia mpya, watu wanamiminika kutafuta kazi, nyumba nyingi hazina bomba ndani. Meya Luigi Pianciani na halmashauri yake wakaamua wasambaze mabomba ya chuma mitaani, imara, ya bei nafuu, kila mtu achote bure. Yale ya mwanzo kabisa yalikuwa na midomo mitatu yenye vichwa vya dragoni, na bado moja lipo Piazza della Rotonda mbele ya Pantheon, lile hekalu la kale la Warumi, watu wanalipita wanakimbilia kupiga picha na nguzo.

Cha kunifurahisha, mwaka huo huo wa 1870 ndo Sayyid Barghash alikalia kiti cha enzi Zanzibar, na yeye naye katika utawala wake akavuta maji ya Chemchem kwa mabomba mpaka Mji Mkongwe. Miji miwili mbali kabisa, kiu moja, na miaka ile ile.

Turudi Roma. Siyo kwamba hakuna anayelalamika. Kiangazi cha 2017 ukame ulikuwa mkali, ziwa Bracciano lililokuwa linaipa Roma maji ya akiba likashuka vibaya, na kampuni ya maji ya jiji, ACEA, ikatangaza kuanza kuzifunga nasoni taratibu. Watu wakakasirika na mimi naona walikuwa na haki, kwa sababu nasoni zote kwa pamoja zinatumia kama asilimia 1 tu ya maji ya mji wakati yaliyokuwa yanapotelea kwenye mabomba mabovu chini ya ardhi yalikuwa zaidi ya asilimia 40. Unamfungia nani hapo? Asiye na nyumba anayenawa uso pale asubuhi, bibi anayejaza jagi, mwenye duka la maua, msafiri mwenye mfuko mwepesi. Kinachovuja hakionekani, kinachotiririka mbele ya macho ndo kinaonekana ufujaji. Hata hivyo nakubali kwamba maji mengi ya nasoni yanaishia kwenye mitaro ya maji taka, yangepelekwa bustanini ingekuwa bora zaidi.

Siyo Roma peke yake pia. Zurich ina chemchemi zaidi ya 1,200 mtaani, na Paris kuna zile za kijani zenye sanamu nne za wanawake wameinua paa dogo, alizozitoa Mwingereza Richard Wallace mwaka 1872 baada ya vita na mzingiro kuacha mji hoi, ila zile wakati wa baridi kali zinafungwa ili maji yasigande ndani ya mabomba. Za Roma zinaendelea hata Januari.

Kwa hiyo ukienda, beba chupa yako ikiwa tupu halafu unaijaza mjini. Sehemu kama karibu na Colosseum utakuta pia vibanda vya kisasa vinavyotoa maji baridi na hata ya gesi, bure. Ukiona maandishi ACQUA NON POTABILE hapo usinywe, si ya kunywa hayo, ila nasone ya kawaida haina kibao chochote, ni pua na maji tu. Mgahawani itakuwa kesi nyingine, mhudumu atakuletea ya chupa na itaingia kwenye bili, kwa hiyo kunywa kabla hujaingia. Na kile kitundu cha juu, ziba mdomo polepole, usibane kwa nguvu ghafla, mimi siku ya kwanza nililowa kifua chote na mama mmoja na watoto wake waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakalowa pia, wakacheka sana, kisha mtoto mdogo akaja kunionyesha kidole kinavyowekwa.