Cheo kipya, ripoti mpya: disleksia kazini

Wengi wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, wanaokuja kwangu kwa ushauri hawatafuti kazi. Wanayo, wameifanya vizuri kwa miaka, kisha wakapandishwa cheo. Nakumbuka fundi mitambo mmoja aliyesifiwa sana kwa kazi ya mikono yake. Alipofanywa msimamizi alitakiwa kuandika ripoti kila jioni na kujibu barua pepe, na haukupita muda mrefu akaanza kuitwa mzembe. Neno hilo lilimuumiza kuliko onyo aliloandikiwa.

Disleksia haihusiani na upungufu wa akili, wala si ugonjwa wa macho, ingawa jina lake lilibuniwa na daktari wa macho, Rudolf Berlin wa Ujerumani, katika miaka ya 1880. Ugumu uko katika namna ubongo unavyounganisha sauti za lugha na herufi. Kwa msomaji wa Kiswahili ugumu huo hujificha, kwa kuwa maneno yetu huandikwa kama yanavyotamkwa. Mtu anaweza kusoma "hawakutuandikishia" bila kukosea silabi hata moja, ila kwa kujikokota, na akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka kichwani. Bosi haoni kosa lolote la kusoma. Anachoona ni kazi kuchelewa, basi analaumu tabia.

Kwa hiyo siku ya kwanza simpi mtu kitabu anisomee. Namwomba anisimulie siku yake ya kazi tangu anapoingia hadi anapotoka, nami natafuta pale maandishi yanapombana. Mara nyingi ni sehemu mbili tatu tu: maagizo mengi yanayotolewa kwa mdomo na kwa haraka, namba ndefu za kunakili, au kuandika huku wengine wanazungumza. Hapo dawa huwa rahisi kuliko mwajiri anavyodhani. Maagizo yarekodiwe, namba zihakikiwe na mtu wa pili, nyaraka za kikao zitolewe siku moja kabla, na simu imsomee maandishi marefu kwa sauti. Fonti zinazouzwa kama tiba ya disleksia sizipendekezi. Zilipopimwa hazikuonyesha faida kubwa. Kutanua nafasi kati ya herufi na mistari kunaweza kusaidia zaidi.

Je, mtu aseme kwenye usaili? Kama kuna mtihani wa kuandika, aseme mapema, maana muda wa ziada huombwa kabla. Kama hakuna, anaweza kusubiri hadi apate barua ya ajira. Ninachosisitiza ni kwamba asitaje hali yake bila kutaja anachohitaji: "Nina disleksia. Nikipata nyaraka jana yake, nitakuja kikaoni nimeshazielewa." Mwajiri akiambiwa hivyo anajua la kufanya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 27, unataka marekebisho ya namna hii yafanyike kazini, ingawa sheria za nchi hutofautiana kuhusu nani anahesabiwa kuwa na ulemavu.

Yule fundi sasa huisema ripoti yake kwenye simu akiwa bado kando ya mashine, simu inaandika, na mwenzake anakagua namba kabla haijatumwa. Bado ni msimamizi.