Je, wajua kwa nini lafudhi ndiyo iliyomfungulia Shohreh Aghdashloo milango ya Hollywood?

Mchezaji mpira akihamia ng'ambo, miguu yake anasafiri nayo. Mwigizaji je? Lugha aliyoizoea kuchekeshea na kuliza watu huenda isiwe na soko kule aendako. Shohreh Aghdashloo, mzaliwa wa Tehran wa mwaka 1952, alikumbana na hali hiyo, na bado jina lake likaja kuvuma Marekani akiwa na miaka 51.

Kwao alikuwa nyota. Mwaka 1977 aliigiza katika filamu ya mwongozaji wa Kiirani Abbas Kiarostami. Mwaka 1979 mapinduzi yakapamba moto, akaondoka Iran kupitia Uturuki hadi Uingereza, ambako alirudi darasani kusomea uhusiano wa kimataifa. Baadaye akahamia Los Angeles, jiji lenye Wairani wengi hata likapachikwa jina la Tehrangeles.

Hapo ndipo penye jibu. Hakukaa akingoja Hollywood imwite. Yeye na mumewe, mwandishi wa tamthilia Houshang Touzie, waliandaa michezo ya jukwaani kwa Kiajemi, wakazunguka nayo kwa Wairani wenzao wa ughaibuni. Ufundi usiotumika hushika kutu. Wa kwake uliendelea kunolewa, tena kwa lugha ileile aliyokua nayo.

Ndipo ikaja filamu ya House of Sand and Fog, mwaka 2003. Alihitajika mtu wa kuwa Nadi, mke wa kanali wa Iran aliyekimbilia Marekani, mama ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Mume huyo aliigizwa na Ben Kingsley. Lafudhi ambayo pengine ingemkosesha kazi kwingine, hapa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Tazama pale mwanamke wa Kimarekani, anayegombania nyumba na familia hiyo, anapochomwa na msumari mguuni: Nadi anamfunga jeraha bila kujua ugomvi umeanzia wapi, na huruma yote unaiona mikononi na usoni, si kwenye maneno. Kwangu mimi, huo ni uigizaji wa mtu aliyekaa jukwaani miaka mingi.

Akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar, Muirani wa kwanza kufika hapo kwa uigizaji. Mwaka 2009 akashinda Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa kuigiza mke wa Saddam Hussein.

Lakini ninachokipenda zaidi ni kilichofuata. Kuanzia mwaka 2015, akiwa amevuka miaka 60, alikuwa Chrisjen Avasarala katika tamthilia ya The Expanse, kiongozi wa Dunia ya karne zijazo: sari za thamani, vito shingoni, matusi mdomoni, na ile sauti nzito yenye mikwaruzo inayotoa amri. Lafudhi ni ileile, na humo ndani hakuna anayemuuliza ametoka wapi.