Kazi katika kampuni kubwa za teknolojia: ninayoyasikia Mbeya na yaliyopo

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi kutoka Mbalizi, Tukuyu, Vwawa na hata Makambako huniletea vijana wao pamoja na swali ambalo tayari wamelijibu wenyewe: "Mwalimu, huyu mtoto ana akili sana, anashinda chumbani na kompyuta yake, hataki hata kuongea na mtu. Si ndio hao wanaotafutwa na Google?" Nilifanya kazi ya uhandisi wa programu katika kampuni moja kubwa ya nje kabla ya kurudi kufundisha hapa Mbeya, na nimechoka kulijibu swali hili kwa mdomo. Si hao.

Dhana hiyo ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu huwaharibu vijana wazuri mapema. Humfanya mtoto aamini kwamba ukimya ni dalili ya kipaji, kwamba kuuliza ni udhaifu, na kwamba kazi yenyewe ni kukesha ukiandika msimbo mpya, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, mpaka alfajiri. Ukweli ni kwamba mhandisi katika kampuni ya ukubwa huo hutumia muda mwingi kusoma msimbo wa wenzake kuliko kuandika wa kwake. Mwanzoni mwa mwaka 2015, hazina kuu ya msimbo ya Google ilikuwa na takribani mistari bilioni 2 katika mafaili yapatayo milioni 9, na ilitumiwa na wahandisi wapatao 25,000. Hakuna kichwa cha binadamu kinachoweza kubeba kitu hicho, na mgeni anayeingia humo akaanza kuandika bila kuuliza hujikuta akitengeneza upya kitu ambacho mwenzake alikwisha kukitengeneza miaka mingi iliyopita, tena kikiwa kwenye faili la jirani.

Tuchukue badiliko dogo kabisa. Tarehe inaonekana vibaya kwa watumiaji wa nchi fulani, nawe umepewa kazi ya kuirekebisha. Marekebisho yenyewe hayazidi mistari 10. Kabla hayajapokelewa, unaandika maelezo ya tatizo lilivyokuwa na sababu ya kuchagua njia uliyoichagua, unaongeza majaribio, yaani vipande vya programu vinavyohakiki kwamba marekebisho yanafanya kazi, kisha mwenzako anayasoma mstari kwa mstari na kukurudishia maswali. Jina la kigeu hiki, yaani kisanduku cha kuhifadhia thamani ndani ya programu, halisemi kimebeba nini. Mbona hakuna jaribio la tarehe 29 Februari? Msimbo wa kufanya jambo hili upo tayari kwenye faili jingine, kwa nini umeuandika upya? Unajibu, unarekebisha, unasubiri. Mwongozo wa ukaguzi ambao Google imeuweka wazi kwa umma unasema kwamba mistari 100 kwa kawaida ni kiasi kinachofaa kwa badiliko moja, kwamba 1,000 kwa kawaida ni mingi mno, na kwamba mkaguzi hapaswi kukaa zaidi ya siku moja ya kazi bila kujibu. Kwa hiyo yule kijana anayejisifu kwangu kuwa aliandika mistari 1,000 kwa usiku mmoja angeambiwa aigawe vipande, kisha angetumia siku kadhaa kujibu maswali ya watu ambao kukesha kwake hakukuwagusa hata kidogo.

Juu ya kusoma kuna kuandika, na hapa sizungumzii msimbo. Mfumo mpya huanza kama waraka unaoeleza tatizo, njia zilizofikiriwa na sababu ya kuziacha baadhi, na watu huujadili waraka huo kabla mstari wa kwanza wa programu haujaandikwa. Katika kampuni ya Amazon, Jeff Bezos aliwapiga marufuku viongozi wenzake mwaka 2004 kutumia slaidi za PowerPoint vikaoni. Badala yake huandaliwa waraka wa maelezo usiozidi kurasa sita, na kikao huanza kwa watu wote kuusoma kimya. Hali ni hiyo hiyo mambo yanapoharibika. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika kabla ya saa moja jioni kwa saa zetu na zikakaa hivyo kwa takribani saa sita, na wengi wetu huku tulidhani ni bando limeisha. Kesho yake kampuni inayozimiliki, ambayo sasa inaitwa Meta, ilichapisha maelezo: amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mawasiliano kati ya vituo vyake vya data, na programu iliyopaswa kuizuia amri kama hiyo ilikuwa na kasoro yake yenyewe. Maelezo hayo hayakumtaja mtu aliyetoa amri. Yalieleza mlolongo wa sababu, na ripoti za namna hiyo huandikwa na wahandisi wenyewe.

Ndiyo maana ushauri wangu huwaudhi wazazi waliokuja wakitarajia nitaje lugha mpya ya programu: kijana ajifunze kuandika aya inayoeleweka. Mwanafunzi mmoja alinionyesha mfumo wake wa kuwaunganisha wakulima wa parachichi wa Rungwe na wanunuzi, kazi nzuri kwa umri wake. Nilifungua kumbukumbu za mabadiliko aliyoyafanya, nikakuta ameandika "nimerekebisha", chini yake "nimerekebisha tena", na chini yake "sasa imekubali". Nilimuuliza ni nini kilichokuwa kimekataa. Hakukumbuka. Nilimwagiza aandike upya kila badiliko kwa sentensi kamili, kwa Kiswahili kwanza ili fikra zinyooke, kisha kwa Kiingereza, kwa kuwa nyaraka za kampuni hizo huandikwa kwa Kiingereza. Aondoke chumbani pia, atafute mradi wa programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, asome msimbo wa watu asiowajua na akubali kukosolewa nao hadharani. Kufanya hivyo mwaka mmoja kunamfaa kuliko vyeti vitano vya kozi za mtandaoni, ambavyo mimi, niseme wazi, sivisomi.

Dhana nyingine ni nyepesi zaidi. Ipo ile ya chakula cha bure na michezo ofisini. Chakula kipo katika baadhi ya kampuni, na anayekula chakula hicho huwa pia na zamu ya dharura, ambapo simu humwamsha saa nane usiku kwa sababu seva, yaani kompyuta zinazowahudumia watumiaji, zimeelemewa, naye anatakiwa kuwa mbele ya kompyuta ndani ya dakika chache.

Wapo wanaoamini kwamba ukishaingia, umefika. Novemba 2022 Meta ilitangaza kuwapunguza wafanyakazi takribani 11,000. Januari 2023 Google ilitangaza 12,000 na Microsoft 10,000, na baadhi ya waliopunguzwa walipata taarifa kwa barua pepe. Vilevile si kila anayefanya kazi ndani ya kampuni ni mwajiriwa wake: mwaka 2019 iliripotiwa kwamba Google ilikuwa na wafanyakazi wa muda na wa mkataba wapatao 121,000, zaidi ya waajiriwa wake kamili waliokuwa karibu 102,000.

Kuhusu mshahara, mzazi huona tarakimu mtandaoni, akaizidisha kwa kiwango cha dola, akanyamaza. Tarakimu hiyo mara nyingi imejumuisha hisa zinazotolewa kidogo kidogo, kwa kawaida kwa miaka minne, na anayeondoka mapema huziacha zilizobaki. Kodi ya serikali na kodi ya nyumba ya San Francisco hazijaguswa bado. Wala si lazima kuvuka bahari: Microsoft ilifungua kituo cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, na Google ilitangaza chake katika mji huo huo mwaka 2022.

La mwisho ni usaili, ambao vijana wa vyuo vyetu hudhani ni mafumbo ya kupima akili. Google ilikiri mwaka 2013, kupitia mkuu wake wa rasilimali watu wa wakati huo, Laszlo Bock, kwamba mafumbo ya aina hiyo ni kupoteza muda. Kinachoulizwa ni algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo, na miundo ya data, yaani namna ya kupanga taarifa ndani ya programu, na mtahiniwa anatakiwa aseme kwa sauti anachofikiri wakati anafanya: amelielewaje swali, njia gani ameiacha, programu yake itashindwa wapi. Kijana akikaa kimya muda wote kisha akatoa jibu sahihi, msaili hukosa cha kuandika, na katika Google uamuzi wa kuajiri umekuwa ukitolewa na kamati ambayo haikumwona mtahiniwa, ikisoma tu ripoti ambazo wasaili wameziandika.