Dawa ya kupaka kwa upara wa kovu: tunajuaje kama imefanya kazi?

Jamani, zile picha za kabla na baada mnazonitumia Whatsapp mkiuliza "daktari, hii dawa ni ya kweli?" kwa upara wa kovu hazisemi kitu, ngoja nieleze.

Kuna upara ambao mzizi wa nywele umelala tu, na kuna ule ambao mzizi umekufa pakabaki kovu. Naongelea huu wa pili, hasa ule unaoanzia utosini ukitanuka taratibu, tunauita CCCA, unawapata zaidi wanawake weusi. Mwaka 1968 uliandikwa kama upara wa chanuo la moto, yaani lawama zote saluni, mpaka 2019 ikaonekana baadhi ya wagonjwa wana hitilafu kwenye jeni ya PADI3 inayosaidia kuunda unywele. (Misuko ya kubana bado ina kesi yake.)

Sasa kovu haliotishi nywele. Dawa inaweza isioteshe hata unywele mmoja na bado ikawa imefanya kazi, maana kazi yake ni kuzima uvimbe kabla haujaua mizizi iliyobaki. Unapimaje kitu ambacho hakikutokea? Lazima kuwe na kundi linalopaka losheni ileile isiyo na dawa ndani, na muda mrefu, maana ugonjwa huu unakwenda polepole na miezi mitatu haioneshi kitu. Picha ipigwe kwa mwanga uleule na mstari uleule wa kugawa nywele, muulize muwasho na maumivu, na ikiwezekana biopsi, yaani kukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe.

Halafu kupaka kwenyewe! Losheni za spiriti zinakausha nywele zetu, mtu anaacha kimyakimya. Na aliyepaka juu ya rasta kapaka rasta, siyo ngozi. Klobetasoli nayo, ile steroidi kali ya kupaka ya kuzima uvimbe, ikitumika sana inafanya ngozi iwe nyembamba, ukiangalia haraka unaweza kudhani ni kovu linaongezeka.

Metformini ya kupaka, yaani ile dawa ya kisukari, ndo mnayoniuliza zaidi. 2020 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake wawili walioota nywele kwa metformini ya asilimia 10. Wawili tu, bila kundi la kulinganisha, na nadhani zilizoota ni za mizizi iliyokuwa haijafa. Inatia moyo, lakini msisage vidonge vya kisukari mkachanganya na mafuta ya nazi, metformini inayeyuka kwenye maji, kwenye mafuta inabaki unga tu.